Kumfuga Sisimizi Mkata-Majani

Miongoni mwa wanyama wadogo wanaowekwa katika majumba ya maonyesho ya wadudu na katika maabara za vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika, ni wachache wanaowavutia watazamaji kama sisimizi wakata-majani. Mtazamaji huona msafara mrefu wa wadudu wa rangi ya hudhurungi wakipita juu ya kamba au ndani ya bomba la kioo, kila mmoja amebeba kipande cha jani kilicho kikubwa kuliko mwili wake, amekiinua juu kama mtu ajikingaye mvua kwa jani la mgomba. Msafara huo huishia katika sanduku la kioo, ambamo majani huingia na hayaonekani tena. Watu wengi huondoka hapo wakiamini kwamba wamewaona wadudu wanaokula majani. Hilo ni kosa, na mtu anayetaka kuwafuga sisimizi hawa akianza kwa imani hiyo, jamii nzima itamfia mikononi huku majani mabichi yamejaa tele mbele yao.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi sisimizi hawa wanavyofugwa, na kwa nini ufugaji wao hauna budi kuwa, kwanza kabisa, ufugaji wa kuvu.

Yafaa tuanze kwa kuwafahamu. Sisimizi wakata-majani huishi Amerika peke yake, kuanzia majimbo ya kusini ya Marekani hadi Argentina, nao wamo katika jenasi mbili mashuhuri, Atta na Acromyrmex. Barani Afrika hawapo. Jamii ya Atta iliyokomaa huwa na wafanyakazi wanaohesabiwa kwa mamilioni, wote wakiwa majike wasiozaa, na wote wakiwa watoto wa malkia mmoja. Mtaalamu wa Brazil, Mário Autuori, alichimbua kiota cha Atta sexdens chenye umri wa zaidi ya miaka 6, akatoa taarifa yake mwaka 1947. Alihesabu vyumba 1,920, na katika hivyo 238 vilikuwa na bustani za kuvu pamoja na sisimizi wake. Udongo ambao wadudu hao walikuwa wameutoa nje ulikadiriwa kuwa na uzito wa tani 40 hivi, na majani waliyoyaingiza ndani katika maisha ya kiota hicho yalikadiriwa kufikia karibu kilo 6,000. Si ajabu basi kwamba mkulima wa michungwa au wa mihogo katika nchi hizo huwahesabu kuwa miongoni mwa adui zake wakubwa.

Majani hayo yote huenda wapi? Kwa muda mrefu wasomi walidhani kwamba sisimizi huyala, au kwamba huyatumia kuezekea viota vyao. Thomas Belt, Mwingereza aliyekuwa mhandisi katika migodi ya dhahabu ya Nikaragua, alichimbua viota kadhaa, akakuta vyumba vya mviringo vilivyojaa kitu chepesi cha rangi ya kahawia, chenye vitundu kama sponji. Katika kitabu chake cha mwaka 1874 alitoa rai kwamba majani ni mbolea ya kuoteshea kuvu, na kwamba kuvu hiyo ndiyo chakula. Karibu na wakati huohuo Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazil, alifikia rai iyo hiyo. Uthibitisho ulikuja mwaka 1893, Alfred Möller alipotangaza uchunguzi alioufanya Blumenau, kusini mwa Brazil. Yeye aliwaweka sisimizi pamoja na vipande vya bustani zao katika vyombo vya kioo, akawatazama wakiijenga upya. Kwa hiyo maarifa yetu ya msingi juu ya wadudu hawa yalipatikana kwa njia ya kuwafuga.

Hatua za kazi yao, kama Möller na wataalamu waliomfuata walivyozieleza, ni hizi. Jani lifikapo chumbani hulambwa lote ili kuondoa nta na uchafu. Kisha hukatwa vipande vya milimita moja au mbili, na kingo zake hutafunwa mpaka zilainike. Kila kipande hutiwa tone la kinyesi cha majimaji, halafu hupachikwa ukingoni mwa bustani. Mwishowe mfanyakazi mdogo kabisa hung'oa nyuzi chache za kuvu kutoka sehemu iliyostawi na kuzipanda juu ya kipande hicho, kama mkulima apandikizavyo miche ya mpunga. Lile tone la kinyesi si uchafu. Mwanakemia Michael Martin na wenzake wa Marekani walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba lina vimeng'enya vinavyovunja protini, na kwamba vimeng'enya hivyo asili yake ni kuvu yenyewe: sisimizi huvila pamoja na kuvu, navyo hupita tumboni mwake bila kuharibika, vikarudi bustanini mahali vinapohitajiwa.

Kuvu hiyo, ambayo leo huitwa Leucoagaricus gongylophorus, hutoa vivimbe vidogo vyeupe kwenye ncha za nyuzi zake, vikakusanyika kama vishada. Vishada hivyo ndivyo chakula cha mabuu, nayo hayali kitu kingine. Wafanyakazi wazima hunywa pia utomvu wa majani wanapoyakata, hata uchunguzi uliotangazwa mwaka 1979 ukaonyesha kwamba kuvu huwapatia kama asilimia 5 tu ya nguvu wanazozihitaji. Jambo hilo lisimpotoshe mfugaji. Bila kuvu mabuu hufa, na jamii isiyo na mabuu imekwisha kufa ijapokuwa wafanyakazi wake bado wanatembea.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kustaajabu kupita kiasi, kwa maana kilimo cha namna hii kipo chini ya miguu yake. Avunjaye kichuguu cha mchwa wa jenasi Macrotermes hukuta ndani masega ya kahawia yenye punje nyeupe. Hiyo ni kuvu iitwayo Termitomyces, na ndiyo itoayo ule uyoga uchipuao vichuguuni mvua zinyeshapo, ambao akina mama wa vijijini huujua vizuri kuliko sisi wa vyuo vikuu. Mchwa si ndugu wa sisimizi, ingawa watu huwachanganya. Ukoo wao uko karibu zaidi na mende. Makundi haya mawili yalianza kilimo kila moja peke yake, moja Afrika na jingine Amerika ya Kusini, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Hata hivyo kuna tofauti moja yenye maana kubwa kwa mfugaji. Spishi nyingi za mchwa huipata kuvu yao upya katika kila kizazi, kutokana na mbegu za uyoga zinazookotwa nje na wafanyakazi wa kwanza. Sisimizi mkata-majani hana nafasi hiyo. Kuvu yake hurithiwa kutoka kwa mama, na ikipotea hakuna mahali pa kwenda kuiokota.

Urithi huo hupokewa hivi. Malkia kijana anapojiandaa kuruka kwenda kuoana, huuma kipande kidogo mno cha kuvu ya nyumbani kwao na kukiweka katika kifuko kilichomo ndani ya kinywa chake. Hukutana na madume kadhaa angani, na mbegu anazozipokea siku hiyo, ambazo katika Atta zimekadiriwa kuwa kati ya milioni 200 na 300, humtosha kwa maisha yake yote, nayo yaweza kupita miaka 10. Hashiki mimba ya pili. Akishuka hujikata mbawa, huchimba shimo, hujifungia ndani yake, kisha hukitema kile kipande cha kuvu sakafuni.

Jakob Huber, aliyefanya kazi Belém nchini Brazil, ndiye aliyetueleza vizuri, mwaka 1905, yale yanayotendeka humo gizani. Malkia hana jani hata moja. Hung'oa kishungi cha kuvu, hukunja tumbo lake, hukitia tone la majimaji ya rangi ya njano, halafu hukirudisha mahali pake. Hufanya hivyo tena na tena mchana na usiku. Hutaga mayai, lakini karibu tisa katika kila kumi huyala mwenyewe, na mengine huwalisha mabuu wake. Kuvu haigusi. Nguvu zake zinatoka katika mafuta ya mwili wake na katika misuli ya mbawa ambazo hana tena. Baada ya siku 40 hadi 60 wafanyakazi wa kwanza huanguliwa, na yapata wiki moja baadaye hufungua mlango na kuleta jani la kwanza.

Kwa mfugaji, majuma hayo ndiyo magumu kuliko yote kwa sababu hana la kufanya. Malkia wa Atta awekwe katika kichombo chenye sakafu ya plasta iliyoloweshwa maji, mahali pa giza, pasipo mtikisiko, na aachwe. Kila mara kifuniko kinapoinuliwa kwa udadisi, unyevu hutoka, mwanga huingia, naye malkia huacha kazi yake. Mfugaji aruhusiwe kutazama kupitia kioo chekundu, basi. Malkia wa Acromyrmex ni kisa kingine. Yeye hutoka mwenyewe kutafuta majani hata kabla hajapata wafanyakazi, na kwa hiyo apewe majani machanga na petali za maua. Ikitokea kwamba kuvu imekufa mapema, maabara zenye jamii nyingine ya spishi ileile huweza kumpatia kipande kingine. Mfugaji mwenye malkia mmoja hana msaada huo.

NYUMBA YAO

Kiota cha kufugia huwa na sehemu tatu zinazounganishwa na mabomba: chumba cha bustani, uwanja wa majani, na chumba cha takataka. Sehemu hizo zisiwekwe pamoja katika sanduku moja, na sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye magonjwa. Chumba cha bustani kiwe cha kioo au plastiki ngumu. Kisiwe kikubwa kupita kiasi mwanzoni, kwa kuwa bustani ndogo katika chumba kikubwa hukauka. Ni afadhali kuongeza vyumba kadiri jamii inavyokua.

Mambo mawili huitawala bustani: unyevu na joto. Katika chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, Flavio Roces na Christoph Kleineidam waliwapa sisimizi wa Atta sexdens nafasi ya kuchagua kati ya vyumba vinne vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 33, 75, 84 na 98. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalikuwa wazi: wafanyakazi waliichukua kuvu kipande kwa kipande na kuihamishia katika chumba chenye asilimia 98. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba waliochagua ni sisimizi, lakini mahitaji yaliyotimizwa ni ya kuvu. Mfugaji naye ahakikishe kwamba unyevu wa bustani haushuki chini ya asilimia 90. Wakati huohuo asiruhusu maji yadondoke juu ya bustani kutoka darini, kwa sababu mahali palipolowa hukaliwa upesi na ukungu. Dawa yake ni kutia unyevu kwa kupitia sakafu na kuacha matundu machache ya hewa yaliyofungwa kwa wavu laini wa chuma. Kuvu hupumua kama sisi, na jamii kubwa iliyozibiwa hewa hudhoofika.

Kwa upande wa joto, nyuzi 24 au 25 za Sentigredi ndizo zinazoipendeza kuvu. Ikizidi nyuzi 30 huacha kukua, na hali hiyo ikiendelea hufa. Hapa wengi hudanganyika. Kwa kuwa mdudu huyu ametoka nchi za joto, mtu huona kwamba kila joto litamfaa, akaweka sanduku juani au karibu na taa kali. Lakini hata huko Brazil bustani zimo chini ya ardhi, ambako jua la adhuhuri halifiki. Chumba cha kawaida cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kingeiua kuvu hiyo.

Katika bustani iliyotulia ndipo mtazamaji aonapo ugawanaji wa kazi ulio wa ajabu. Wafanyakazi hawalingani: askari wa Atta huweza kuwa na uzito wa mara 200 ya ule wa mtunza bustani mdogo kabisa. Wenye vichwa vya upana wa milimita mbili hivi ndio wakatao majani. Walio wadogo kuliko hao huyakatakata na kuyatafuna ndani. Wadogo kabisa hupalilia kuvu na kuwalisha mabuu. Wengine wadogo huonekana wamepanda juu ya vipande vya majani njiani kama abiria. Kule msituni hao huwalinda wabebaji dhidi ya nzi wadogo wanaotaga mayai katika miili ya sisimizi. Ndani ya maabara nzi hao hawapo, lakini abiria hupanda vilevile. Aidha, umri una sehemu yake: taya za mkataji huchakaa kama kisu, na aliyechakaa taya huacha kukata akawa mbebaji tu.

Edward Wilson wa chuo kikuu cha Harvard alitumia jamii za kufugwa kuuliza swali ambalo porini lisingejibika. Jamii changa hutoa wafanyakazi wadogo tu, na ile iliyokomaa hutoa wa ukubwa wote pamoja na askari. Je, jamii huongozwa na umri wake au na wingi wa watu wake? Wilson alichukua jamii nne za Atta cephalotes zenye umri wa miaka mitatu hadi minne na wafanyakazi wapatao 10,000 kila moja, akazipunguza mpaka zikabaki na wafanyakazi 236, wa ukubwa ule upatikanao katika jamii changa. Taarifa yake ya mwaka 1983 ilisema kwamba kizazi kilichofuata kilikuwa cha wafanyakazi wadogo, kana kwamba malkia amerudi utotoni. Wingi ndio ulioamua. Mfugaji ambaye jamii yake imepatwa na maafa na kupungukiwa asishangae basi akiona askari hawazaliwi tena. Ni jamii inayorudi nyuma ili ijenge upya bustani yake.

MAJANI

Katika maabara za Ulaya ya Kaskazini hutumika sana majani ya waridi, ya mialoni, ya vichaka vya uzio, na ya kile kichaka cha miiba cha jamii ya mawaridi ambacho hubaki na majani hata majira ya baridi. Huongezwa vipande vya tofaa, mchele uliochemshwa kidogo, na nyama nyeupe ya ndani ya ganda la chungwa, ambayo huipenda mno. Majani yawe mabichi na yabadilishwe mara kwa mara. Ni afadhali kidogo kila siku kuliko rundo mara moja kwa wiki, kwa sababu jamii ikikosa majani siku chache tu, bustani huanza kusinyaa kuanzia juu.

Hatari kubwa katika jambo hili haionekani kwa macho. Dawa ya kuulia wadudu iliyonyunyiziwa majani huwaua sisimizi wenyewe, na hilo kila mtu hulielewa. Dawa ya kuua kuvu ni adui mjanja zaidi, kwa kuwa sisimizi haimdhuru wala hawezi kuitambua. Mwaka 1996 P. Ridley na wenzake wa chuo kikuu cha Southampton, Uingereza, walitangaza jaribio walilolifanya kwa punje za ganda la chungwa zilizotiwa kemikali yenye kuidhuru kuvu. Siku ya kwanza sisimizi walizibeba kwa furaha. Baada ya muda walizikataa, na hata zile ambazo hazikutiwa kemikali walizikataa pia kwa majuma kadhaa. Maana yake ni kwamba habari ya kuumia kwa kuvu ilitoka bustanini ikawafikia wakataji walioko nje. Kwa namna ambayo bado inachunguzwa, mmea usio na ubongo wala neva, kama nitaruhusiwa kuiita kuvu mmea kwa mazoea ya lugha, uliwaamuru wadudu wasilete tena chakula fulani.

Niliwahi kuliona jambo hili nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo. Katika ujia wa idara yetu kulikuwa na jamii ya Atta, na fundi wa maabara aliyewatunza alikata majani kutoka ua uliozunguka viwanja. Siku ya Ijumaa waliyapokea. Jumatatu waliyakuta yamebaki palepale, yamekauka, na wafanyakazi wanayapita kama mawe. Fundi yule, ambaye hakuwa na shahada yoyote, hakupoteza muda kuwatazama sisimizi. Alikwenda kumwuliza mtunza viwanja kama amenyunyizia ua dawa, na jibu lilikuwa ndiyo. Jamii ilipona kwa sababu alibadili majani siku ileile na kuondoa sehemu ya bustani iliyokuwa imegeuka rangi.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii: sisimizi wakikataa jani walilolizoea, mfugaji achunguze kuvu kwanza. Bustani yenye afya ni ya kijivu cheupe juu, na chini, kwenye sehemu iliyozeeka, ni ya manjano au kahawia. Ikiwa na mabaka ya kijani au meusi, au ikilegea na kutoa harufu ya uozo, kuna maradhi.

MAGONJWA

Bustani ya kuvu moja peke yake, katika mahali penye joto na unyevu, ni karamu kwa kila aina ya ukungu. Ukiwaondoa sisimizi wote kutoka katika kipande cha bustani, siku chache tu zatosha kukiona kimefunikwa na ukungu mgeni. Cameron Currie na wenzake, waliofanya kazi Panama, walieleza mwaka 1999 kwamba adui mkubwa ni kuvu nyingine iitwayo Escovopsis, kimelea ambacho huishi kwa kuila kuvu ya sisimizi, nacho huweza kuiangamiza bustani nzima. Mwaka uleule walitangaza jambo lingine. Poda nyeupe inayoonekana kwenye vifua vya wafanyakazi wengi wa Acromyrmex, ambayo watu walikuwa wameidhania kuwa nta, ni bakteria hai, na bakteria hao hutengeneza dawa inayozuia Escovopsis isikue. Leo bakteria hao huwekwa katika jenasi ya Pseudonocardia. Sisimizi wa Atta hawana poda hiyo. Wao hutegemea zaidi majimaji makali yatokayo katika tezi za kifuani, pamoja na kupalilia kwa uangalifu.

Ndiyo sababu takataka zitengwe. Sisimizi wenyewe huzibeba na kuzitupa mbali na bustani, na wafanyakazi wa jalalani huishi maisha yao ya mwisho hukohuko. Wakijaribu kurudi wakiwa na harufu ya jalala, wenzao huwashambulia. Mfugaji afuate desturi hiyo. Koleo na kijiko cha kuondolea takataka visiingizwe kamwe katika chumba cha bustani, na mikono ioshwe kati ya jamii moja na nyingine. Mahali palipoota ukungu wa kijani huweza kukatwa na kutolewa, lakini kama jamii ina nguvu, mara nyingi wafanyakazi wataliondoa baka hilo wenyewe, na kuwaingilia huwavuruga tu. Kumwaga dawa za kuua kuvu ndani ya kiota ni kuua kile kile unachotaka kukiponya.

KUTOROKA, NA MIPAKA YA UFUGAJI

Taya zinazokata jani hukata pia plastiki laini, mpira na sponji. Kuta za uwanja wa majani hupakwa juu kimiminiko cha plastiki chenye utelezi, au poda iliyokorogwa katika spiriti, na meza yote huwekwa katika mfereji wa maji yenye sabuni kidogo. Si suala la kuokoa mapazia ya jirani tu. Acromyrmex octospinosus alionekana katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1954, mahali ambapo hakuwa wa asili, naye amekuwa mharibifu wa mashamba na misitu ya kisiwa hicho tangu wakati huo. Nchini Marekani hairuhusiwi kuwasafirisha sisimizi hawa hata kutoka jimbo moja hadi jingine bila kibali cha Wizara ya Kilimo. Kwa maoni yangu hakuna sababu yoyote, hata ya kufundishia, inayotosha kumleta mkata-majani Afrika Mashariki, kwenye michungwa yetu, mihogo yetu na kahawa yetu. Mwalimu anayetaka kuonyesha kilimo cha wadudu ana mchwa wa kichuguu kilicho nyuma ya darasa.

Biashara ya malkia wa sisimizi, hata hivyo, inakua duniani, na haipiti upande mmoja tu. Mwezi wa Aprili 2025 watu wanne walifikishwa mahakamani Nairobi kwa kukutwa na malkia hai wa sisimizi wa Kenya, hasa wavunaji wakubwa wa spishi ya Messor cephalotes. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya mirija iliyotiwa pamba. Tarehe 7 Mei mwaka huo kila mmoja wa hao wanne alitozwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Tukumbuke kwamba kila malkia aliyemo katika mrija ni jamii nzima ambayo haitakuwapo mahali alipochimbuliwa.

Malkia wa maabara hufa siku moja, naye hana mrithi; wafanyakazi hawawezi kumlea mwingine. Kwa miezi michache wataendelea kukata na kupanda, idadi yao ikipungua, na bustani itapungua pamoja nao chumba kwa chumba. Mfugaji asiitupe jalalani ikiwa bado nyeupe. Bustani na sisimizi waliosalia huwekwa katika jokofu la kugandisha kwa siku kadhaa, kisha vyote huchomwa moto, na vyombo huchemshwa kabla ya kupokea jamii nyingine.